Dada wa Pito Hajaishiwa, Nyie Ndo Mmezoea Kuburuzwa

Jina linabaki kapuni, ila wanaofuatilia simulizi za mtandaoni wameshamjua. Ni yule dada wa Pito, pale Sumbawanga, aliyewakesha watu karibu mwaka mzima na riwaya yake yenye sehemu 112. Wiki kadhaa zilizopita aliweka tangazo la mistari mitatu: riwaya imeisha, hataanza nyingine kwa sasa, kuanzia hapo ataandika hadithi fupi, moja moja, zinazoanza na kuisha siku hiyohiyo.

Basi. Ungedhani ametangaza kubadili dini.

Kaishiwa. Kachoka. Kapata bwana, ndo maana hana muda. Na wale wajuaji wa kila siku wakaongeza kwamba kwa kuwa anatoka Sumbawanga, lazima kalogwa na watu wa kwao waliokuwa hawapendi anavyofanikiwa. Admin mmoja wa magrupu ya simulizi, mtu mzima na heshima zake, akarekodi voisi ndefu akieleza kwamba hadithi fupi ni mazoezi ya watoto wa form two, na kwamba mwandishi anapimwa kwa pumzi. Staa mmoja wa riwaya wa Dar akapita mlemle: eti hadithi fupi ni riwaya iliyokosa mtaji. Watu wakacheka, wakasambaza.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza swali la msingi: hiyo hadithi fupi ya kwanza mmeisoma?

Twende taratibu. Kwanza hicho kinacholiliwa, kiangaliwe vizuri. Biashara ya simulizi za simu kila mtu anaijua. Sehemu ya 1 mpaka ya 10 unapewa bure, unanogewa, halafu linakuja tangazo: kuendelea, tuma buku kwenye namba hii, utaunganishwa kwenye grupu. Buku inakupa sehemu kumi. Zikiisha, buku nyingine. Aliyesoma zote 112 ametoa kama elfu kumi, hapo bado bando. Siyo dhambi. Mwandishi lazima ale, na Tanzania hii ukisubiri duka la vitabu likulishe utakonda. Hata Charles Dickens wa Uingereza, miaka ya 1830, alikuwa anatoa riwaya zake vipande vipande kila mwezi, watu wakisubiri kama nyie mnavyosubiri. Magazeti yetu ya udaku yameuza hadithi za mfululizo kwa miaka na miaka, na kuna watu wamejifunza kupenda kusoma hukohuko.

Tatizo ni pale mfuko unapoanza kuamua urefu wa hadithi. Mwandishi anapolipwa kwa sehemu, kila mlango ndani ya hadithi unakuwa mtaji. Kwenye riwaya ya huyuhuyu dada, sehemu ya 58 mlango uligongwa. Sehemu ya 59 mhusika akajiuliza ni nani saa hizi. Sehemu ya 60 akakumbuka utoto wake. Sehemu ya 61 akafungua, kumbe ni kijana wa maziwa. Sehemu nne! Watu walituma hela, wakakesha, wakaletewa maziwa. Na kwenye maoni wakajaza moto na makopa, wakasema dada we ni noma.

Sasa huyohuyo akiamua kuandika kitu ambacho mlango ukigongwa anayeingia ndiye, mnasema kaishiwa.

Lakini urefu siyo kiini cha ugomvi huu, na hapa ndipo wengi wanapozuga. Kiini ni bibi wa sehemu ya 31.

Waliosoma wanakumbuka. Riwaya ile iliuzwa kwa jina la Sumbawanga. Kila mtu anajua jina hilo linafanya kazi gani mjini. Mtu akisema pale Kinondoni anatokea Sumbawanga, anayekaa naye meza moja anasogeza kiti kidogo, halafu anacheka, halafu anauliza kama ni kweli mnatumiana radi. Wenyewe wenyeji wana tafsiri ya jina la mji wao, kwamba ni kuutupa uchawi, yaani mgeni ukifika hapa yaache huko hayo mambo yako. Mjini wameigeuza tafsiri ikawa matangazo ya kinyume. Wasanii wa vichekesho wanaishi kwa utani huo, filamu za bongo zimeishi kwa utani huo, na simulizi za simu ndo kabisa: ukiweka Sumbawanga kwenye kichwa cha habari, fisi kwenye picha na kibuyu pembeni, grupu linajaa kabla ya jioni.

Dada alifanya hivyohivyo. Admin alimshauri, naye akakubali, maana mtu wa Pito akiandika uchawi wa Sumbawanga anaonekana kama shahidi. Kwahiyo akamtengeneza bibi mmoja mwenye macho mekundu, anayekaa peke yake mwisho wa kijiji, shamba lake linazaa mwaka ambao mashamba ya wenzake yamekauka. Sehemu ya 31 vijana wakamfuata usiku na mapanga. Na wasomaji wakashangilia. Yale maoni bado yapo, hayajafutwa, nendeni mkasome wenyewe. Watu wazima, wengine na picha za watoto wao kwenye profaili, wakiandika safi sana, wamemuweza, na bado yule shoga yake.

Hii nchi ina vikongwe waliouawa kweli kwa maneno hayohayo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyaandika mauaji ya tuhuma za uchawi kwenye ripoti zake mwaka baada ya mwaka, na wanaokufa zaidi ni wanawake wazee. Macho mekundu yamekuwa hukumu kamili. Macho mekundu! Mwanamke aliyepika kwa kuni na mabua miaka 50, ndani ya jiko lisilo na dirisha, moshi ukimpiga usoni asubuhi na jioni, mlitaka macho yake yawe na rangi gani?

Ukikaa Ufipa, hata hilo shamba linalozaa peke yake lina maelezo. Wafipa wana kilimo chao cha matuta wanayoyaita ntumba: majani yanakusanywa, yanafunikwa kwa udongo, yanaozea humohumo, halafu msimu unaofuata ule udongo ulioiva unasambazwa na kupandwa. Ni mbolea hiyo, imetengenezwa kwa jembe na mgongo wa mtu. Bibi akiwa na bidii ya kufukia majani kuliko jirani anayeshinda kilabuni, mahindi yake yatakuwa marefu. Hakuna fisi hapo.

Na hii ndiyo hadithi fupi ya kwanza ya dada, ile ambayo wanaomtukana hawajaifungua. Ni bibi yuleyule. Ana macho yaleyale, nyumba ileile mwisho wa kijiji. Safari hii hadithi iko ndani ya nyumba, upande wake, jioni moja tu. Anachambua maharage. Anasikia vijana wanapita na kurudi barabarani. Mmoja anamjua kwa sauti, alimzalisha mama yake. Anahesabu maharage yaliyobaki kwenye ungo kwa sababu hajui afanye nini kingine. Hakuna radi wala kibuyu. Hadithi inaisha kabla mlango haujagongwa.

Kama maneno 1,800 hivi. Ukimaliza unakaa kimya na simu mkononi.

Sasa jaribu kuigeuza hiyo iwe sehemu 112. Haiwezekani, na siyo kwa sababu mwandishi hana pumzi. Yule bibi hana siku 112, ana jioni moja. Ukiirefusha itabidi umpe siri na adui, mwishowe itabidi ama awe mchawi kweli ama atokee mjukuu kutoka Dar na gari nyeusi kumwokoa, maana wateja wa sehemu ya 40 wanataka kitu cha kuwavusha mpaka ya 50. Mfululizo ulimlazimisha dada amtunze mchawi wake ili biashara iendelee. Hadithi fupi ilimruhusu aseme mara moja kitu alichokuwa anakijua tangu utotoni, kwamba pale mwisho wa kijiji hakukuwa na mchawi yeyote.

Hapo ndipo lile neno la kukosa mtaji linapogeuka kichekesho. Mtaji alikuwa nao, grupu lilikuwa limejaa. Alichofanya ni kuuacha.

Tuje kwenye hoja ya form two. Huyu admin anayeita hadithi fupi mazoezi ya watoto, na yule staa anayemuunga mkono, wangeulizwa wataje waandishi watatu wa Kiswahili waliowatangulia, pengine wangemtaja Shaaban Robert halafu wakaomba maji. Kwahiyo wasaidiwe. Mohamed Suleiman Mohamed wa Zanzibar alitoa Kiu mwaka 1972 na Nyota ya Rehema mwaka 1976, riwaya mbili ambazo mpaka leo wasomi wanazitaja kwa heshima. Baada ya hapo, 1978, akatoa Kicheko cha Ushindi. Mkusanyiko wa hadithi fupi. Hakuna aliyemwambia kaishiwa. Said Ahmed Mohamed, naye wa Zanzibar, alishaandika Utengano, kitabu ambacho kizazi kizima kimekisoma, ndipo mwaka 1985 akatoa Si Shetani si Wazimu, hadithi fupi. Akarudi kwenye riwaya, akarudi tena kwenye hadithi fupi na Arusi ya Buldoza mwaka 2005. Na mwaka 2016, akiwa anakaribia miaka 70, hadithi yake ndiyo iliyoupa jina mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba, ambao ukasomwa na wanafunzi wa sekondari Kenya nzima. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa na riwaya tatu kubwa mkononi kabla ya kutoa kitabu chake cha hadithi fupi mwaka 1975. Na kama mnataka ya Wazungu, maana najua kuna watu hawaamini mpaka Mzungu aseme, Nobeli ya fasihi ya mwaka 2013 alipewa Alice Munro wa Canada, na kazi iliyompa jina ni hadithi fupi. Yatosha hayo.

Ya karibu zaidi iko nyumbani kwake huyu dada. Miaka ya 1960 mwanaanthropolojia mmoja Mwingereza, Roy Willis, alikwenda kukaa Ufipa kufanya utafiti. Alichokikuta kwa wazee kilimfanya baadaye atoe kitabu kizima cha masimulizi ya mdomo ya Wafipa, There Was a Certain Man, mwaka 1978. Hadithi fupi tupu. Za kuanza baada ya kula na kuisha kabla ya kulala. Watu wa nyanda zile hawakusubiri form two kufanya mazoezi.

Chukua ile simulizi ya Milansi, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kule. Kwa ufupi kabisa: mfalme wa Milansi ametoka kwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka amemwonya mkewe, wakija wageni wasipewe kile kiti chake. Wanafika wanawake wageni kutoka mbali. Wanakikalia kiti. Mfalme anarudi na utawala umeshahama, unakuwa wa ukoo wa wale wageni, na Milansi inabakiwa na heshima ya kitambiko tu. Imeisha. Dakika ngapi hizo? Humo ndani kuna wenyeji na wageni, madaraka yanayoondoka bila mkuki kurushwa, na mwanamke aliyebaki nyumbani akalaumiwa. Watafiti wameandika vitabu kuielezea na hawajaimaliza. Leo ungeipeleka kwenye grupu, admin angeshauri mfalme achelewe porini mpaka sehemu ya 70.

Kwahiyo dada wa Pito anapoandika kifupi anaandika kwa kipimo cha kwao. Kipimo kigeni ni hicho cha buku kwa sehemu kumi.

Haya, swali la haki ni hili: kwa nini vijana wengi wa mjini, ambao siyo wajinga, wanaamini kabisa kwamba riwaya ni ya wakubwa na hadithi fupi ni ya wadogo? Jibu lingine liko darasani. Vuta kumbukumbu ya orodha ya vitabu vya fasihi vya Kiswahili kidato cha tatu na nne, ile iliyozoeleka kwa miaka mingi. Riwaya: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu. Tamthilia: Orodha, Kilio Chetu, Ngoswe. Ushairi: Wasakatonge, Malenga Wapya, Mashairi ya Chekacheka. Hadithi fupi? Zilitajwa kwenye noti kama tanzu, mstari mmoja, jibu la swali la alama mbili. Hakuna kitabu. Mtanzania anamaliza shule bila kushika mkusanyiko hata mmoja wa hadithi fupi za Kiswahili. Mwenzake Mkenya hawezi kumaliza form four bila kusoma mmoja, uko kwenye mtihani, atake asitake. Halafu mnashangaa kwa nini Nairobi mwandishi akitoa hadithi fupi anapongezwa na Dar anapewa pole.

Hata tuzo ilianzia hukohuko. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipotolewa mara ya kwanza, Aprili 2023, ilishindanisha riwaya na ushairi, na mshindi wa kwanza aliondoka na shilingi milioni 10. Jambo zuri sana, wala halina ubishi, waandishi waliokuwa wanachapisha kwa kuombaomba wameonekana. Ila hadithi fupi haikuwa na mlango wake. Ujumbe aliousikia mwandishi wa Pito, na wa Nachingwea, na wa Kibondo, ni mmoja: ukitaka kuonekana, andika kinene. Na wengi wameandika kinene. Kuna miswada huko nchini ambayo ingekuwa hadithi nzuri za kurasa kumi, imelishwa hamira mpaka kurasa 200 ili itoshe vigezo.

Wapo watakaosema dada anatetewa mno. Sawa, zisemwe na zake.

Katika hadithi tisa alizoshatoa, mbili siyo hadithi fupi. Ni mwanzo wa riwaya uliokatwa mkia. Ile ya safari ya basi kutoka Sumbawanga kwenda Dar, inapita Tunduma, inapita Mbeya, inatambulisha abiria sita, kila mmoja na siri yake, halafu inakoma ghafla Makambako kama vile dereva kaishiwa mafuta. Huo si ufundi wa kuacha mambo wazi, ni zoea la sehemu ya 31 kumsubiri wa sehemu ya 32. Mkono wake bado unaandika kwa kupapasa buku inayofuata. Na ile ya dada anayeuza mitumba Soko la Mandela imejaa maelezo ambayo hadithi fupi haina nafasi nayo. Mwandishi wa riwaya akihamia kwenye nyumba ndogo, lazima auze baadhi ya makochi. Bado hajauza yote.

Lingine ni la hela, na hili wasomaji wana haki. Waliokuwa wameshalipia sehemu ambazo hazijatoka wakati anafunga riwaya walistahili kurudishiwa au kupewa mwisho. Alichagua kuwapa mwisho, akaufunga mfululizo mzima kwa sehemu moja, ile ya 112. Zikaibuka kelele kwamba kaharakisha. Lakini waulizeni waliotulia wakaisoma: mambo yote yaliyokuwa yananing'inia tangu sehemu ya 40 yalifungwa ndani ya maneno kama 900, na kila kitu kikakaa mahali pake. Kama maneno 900 yalitosha kufunga, zile sehemu 70 za katikati zilikuwa za nini? Hilo ndilo linalowauma. Alipoifunga hivyo aliwaonyesha kwamba walikuwa wanalipia kuzungushwa, na hakuna mteja anayependa kuonyeshwa hivyo hadharani.

Halafu kuna lile la bwana. Mwandishi wa kiume wa Dar aliwahi kukaa miaka miwili bila kutoa kitu, watu wakasema anajitafuta, anatafakari, msanii anahitaji nafasi. Dada wa Pito kabadili tu urefu wa anachoandika, tayari kaolewa, kaachwa, kapata mimba na kalogwa, vyote ndani ya wiki moja. Hata yeye asingeweza kuwabebesha wahusika wake mambo hayo yote bila kufika sehemu ya 80.

Kinachotia wasiwasi kweli ni mfuko wake. Sifa hazinunui unga. Mfululizo ulikuwa unamwingizia hela ya kila wiki, na hadithi fupi moja anaiuza jero. Msomaji anayetoa buku kumi bila kulalamika kwa sababu zinatoka kidogo kidogo, ukimwambia jero kwa kitu kinachoisha leo anaona kaibiwa. Ndo akili ya vifurushi hiyo. Unalipa zaidi mradi usione jumla. Jamaa mmoja alihoji kabisa kwa nini atoe mia tano kwa kitu cha dakika kumi, wakati huohuo anatoa elfu mbili kwa soda na chipsi anazozimaliza kwa dakika saba. Kama wasomaji elfu moja wangetoa hiyo jero kwa hadithi moja kwa mwezi, ni laki tano, na kwa maisha ya Pito, kwenye nyumba ya kwao na shamba pembeni, mtu anaweza kukaa chini akaandika. Wasipotoa, atarudi kwenye mfululizo kabla mwaka haujaisha. Na akirudi, mnajua atarudi na nani. Bibi wa macho mekundu anauza.

Admin anajua hilo, ndo maana anacheka kwa kujiamini. Yeye hagombani na hadithi fupi kwa ajili ya fasihi. Grupu lenye watu mia nane wanaolipa kila baada ya sehemu kumi ni mshahara wake, na anakula asilimia. Hadithi inayoisha haihitaji admin. Unalipa, unasoma, unafunga, unamtumia rafiki yako, unaenda kulala.

Juzi dada ametoa ya kumi. Ni mtoto wa miaka 12 anayepewa na baba yake kazi ya kwenda kumwomba radhi jirani aliyeitwa mchawi na ukoo mzima, na kumbe baba mwenyewe ndiye aliyeanzisha maneno. Mtoto anafika, anapewa kiti, anapewa ugali wa ulezi, na anasahau alichotumwa aseme kwa sababu chakula ni kitamu. Bibi anamwambia akamsalimie baba. Inaishia hapo.

Maoni ya kwanza chini yake, dakika nne baada ya kupandishwa, yameandikwa na mtu mwenye picha ya gari: sehemu ya pili lini?